Salamu za Kanyaga-Hufiki

Siku Namkunda alipopanda Kanyaga-Hufiki kwa mara ya kwanza, alivua viatu, akavipanga vizuri pembeni kama mtu anayetaka kukanyaga mkeka wa wageni. Wifi yake, Mwalimu Eliwaza, akamwambia avivae tena. Mashine hii inataka viatu, tena vya mpira, vilivyofungwa kamba.

"Na mguu naweka wapi?" Namkunda akauliza.

"Hapo kwenye kibao. Wayo wote, kisigino kisinyanyuke. Simama wima, usitazame miguu. Shika hizi fimbo zilizotulia. Zile zinazokwenda mbele na nyuma tutazishika wiki ijayo."

"Hata mwezi ujao, wifi. Kwani zinanikimbia?"

Jina lake la serikalini lilikuwa mashine ya duaradufu, kwa sababu mguu wa anayeikanyaga huchora umbo la yai hewani, haugongi sakafu, na magoti ya wazee hayapati taabu. Hilo ni kweli. Mwalimu Eliwaza alifundisha michezo chuo cha ualimu miaka thelathini na moja, na hakuwa na ugomvi wowote na mashine yenyewe. Watu wa Same waliiita Kanyaga-Hufiki maana unatembea, unatoka jasho, na ukishuka uko palepale. Zilikuwa kumi na mbili, safu mbili, katika Kituo cha Mwendo, jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la mkonge.

Ugomvi ulikuwa kwenye makasha. Tangu ipite Sheria ya Mwendo, kila mwenye sukari alifungiwa kasha la dawa ukutani kwake, lenye kioo mbele na kufuli lisilo na ufunguo. Kasha lilifunguka pale tu mashine ilipolipelekea habari kwamba mwenyewe amekanyaga dakika kumi na tano bila kusimama. Mwendo haukuwa na shida, hata wa kinyonga ulikubalika, ila usisimame. Usipotimiza, insulini yako ulikuwa unaitazama kwenye kioo kama mkate wa dukani. Wakala wa Mwendo waliliita jambo hilo motisha, bila aibu. Sukari ya Namkunda iligunduliwa wiki ile, na kasha lake lilikuwa bado jipya.

Namkunda alishika fimbo. Kioo cha mashine kikawaka.

"Karibu, Mama Namkunda," mashine ikasema. "Habari za asubuhi?"

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Eliwaza mwenyewe, ile ya upole aliyokuwa akiitumia kwa wanachuo waliokuja kwake na homa. Sheria ilitaka mashine inayosema na wananchi iseme kwa sauti ya jirani yao aliye hai, na miaka miwili nyuma Wakala walipokuja kutafuta sauti, mji mzima uliwaelekeza kwake. Alikubali kwa furaha. Ni yeye aliyeng'ang'ania salamu ziwekwe, kwa kuwa aliwajua wazee wa kwao: hawapandi kitu kinachotoa amri kabla ya kuulizana hali. Aliweka pia maneno ambayo kila mwalimu wa michezo huyasema bila kufikiri: siku ya kwanza dakika tano zinatosha, ukichoka pumzika.

Namkunda akaanza kukanyaga, polepole, huku akicheka kwa kuona miguu yake inazunguka. Alikwenda vizuri. Dakika ya nne mashine ikamwambia, "Pole na kazi."

Namkunda akasimama. Akaondoa mkono mmoja kwenye fimbo, akaugusa kifua, akainama kidogo mbele ya kioo. "Nimeshapoa, wifi. Ahsante sana. Na wewe pole."

Namba kwenye kioo ikarudi sifuri.

Watu wa mashine za jirani walicheka, na Mwalimu Eliwaza akacheka nao. Akamwambia wifi yake aanze upya. Akaanza. Dakika ya nne akapewa pole tena, akasimama tena, akaitikia tena, safari hii akiuliza na hali ya nyumbani. Mara ya tatu miguu ikawa inatetemeka, na alipoitikia hakuweza kuendelea.

"Hukutimiza," mashine ikasema, kwa upole uleule. "Kasha lako litabaki limefungwa."

Mwalimu Eliwaza alihisi uso wake unawaka. Sentensi hiyo hakuwahi kuisoma, wala hakuwahi kuwepo mtu akiambiwa. Alikumbuka walimpa orodha ndefu ya maneno, moja moja, wakamwambia ni ya kupima vifaa: hukutimiza, kasha, limefungwa. Walikwenda kuyashona. Na zile dakika tano zake, na ule ukichoka pumzika, walivikata wakavitupa.

*

Siku ya tatu walirudi nyumbani Namkunda akiwa ameegemea bega la wifi yake. "Fungua," Mwalimu Eliwaza akauambia mlango, mlango ukatambua sauti yake, ukafunguka. Namkunda akaenda moja kwa moja kwenye mtungi. Alikunywa vikombe vinne mfululizo, na alipokaa alisema haoni vizuri kalenda iliyokuwa ukutani.

Siku mbili nzima alikuwa bila sindano. Muuguzi wa zahanati alikuja nyumbani akawasikiliza, akawaonea huruma, akasema hana chupa nyingine kwa kuwa dozi ya Bi Namkunda imo kwenye kasha lake, na kweli ilikuwemo, wote watatu waliiona. Mwalimu Eliwaza alikwisha kulijaribu kasha kwa nyundo. Nyundo iliruka ikamkosa mguu kidogo.

"Nisikilize," alimwambia wifi yake. "Ile si mimi. Ni bati. Likikusalimia, nyamaza uendelee kukanyaga."

"Sauti ni yako."

"Ya kwangu, lakini mimi simo."

"Wifi," Namkunda alisema, macho ameyafumba, "umeolewa na kaka yangu nikiwa msichana. Mpaka Mungu akamchukua, mpaka leo, hujawahi kunisalimia nikanyamaza. Nikisikia sauti yako mwili unasimama wenyewe. Nishajaribu kuukataza. Hausikii."

Mwalimu Eliwaza alitoka akarudi kituoni peke yake, akasimama mbele ya orodha iliyobandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu: WASIOTIMIZA WIKI HII. Majina kumi na tisa. Aliyasoma yote na aliwajua wote. Alikuwemo Mzee Mbonea, fundi saa, ambaye hata akisalimiwa na mtoto wa chekechea huweka chini bisibisi. Alikuwemo Bi Nangena wa kanisani, asiyeweza kupita mlango wa mtu bila kuuliza habari ya kila aliyemo. Hawakuwa wavivu. Wavivu wa Same aliwajua pia, na walikuwa wanatimiza bila shida, wamevaa vidude masikioni, hawamsikii mtu. Waliokuwa wanakufa kwa kiu mbele ya dawa zao ni watu wenye adabu, na aliyekuwa akiwasimamisha ni yeye.

*

Bwana Fidelis Kagoma wa Wakala alifika siku ya nne asubuhi, kijana nadhifu wa miaka kama thelathini na tano, mwenye kibao cha kioo cha kuandikia na tabasamu la mtu aliyelala vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Yule unayemwona kwenye kochi ni wifi yangu."

"Pole, mama," alisema Kagoma. Namkunda akajiinua kwa kiwiko ili aitikie, na ilimchukua muda.

Kagoma alikuwa amekuja kwa ajili ya kuhuisha sauti, kesho yake. Kila baada ya miaka miwili mwenye sauti husimama juu ya mashine mbele ya majirani, anakanyaga dakika kumi na tano, na huku anasoma sentensi arobaini. Utaratibu ulibadilika, alieleza kwa fahari. Maneno hayashonwi tena. Mashine inanasa kila kinachotoka mdomoni muda wote miguu inapozunguka, na kilichonaswa hakikatwi na mtu yeyote, hata yeye. Miguu ikisimama kabla ya wakati, yote yanafutika.

"Na mashine siku hizi haidanganyi," aliongeza. "Mnakumbuka yale mabasi yaliyokuwa yanatangaziwa kufika saa tatu na hayafiki? Sheria ikaja. Inachosema mashine kinamfunga mwenye mashine. Ikisema basi linafika saa tatu, basi litafika saa tatu, au kampuni ikubebe mgongoni."

"Vizuri," Mwalimu Eliwaza alisema. "Basi nieleze. Mnajua kwamba watu wanasimama kuitikia salamu?"

Kagoma alikohoa kidogo. "Tumeliona hilo. Asilimia sita hivi. Unapendwa sana, Mwalimu."

"Mmeliona tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na mkakaa."

"Kubadilisha kunahitaji kibali cha makao makuu. Na kituo chenu, ukitazama kwa ujumla, kinafanya vizuri. Wasiotimiza ni wachache."

"Mchache mmoja huyo hapo kwenye kochi!" Sauti ilimtoka kwa nguvu mpaka Namkunda akashtuka. "Mnataka mgonjwa akanyage ndipo apate dawa, na bila dawa hawezi kukanyaga! Nani alikaa mezani akaliona hili lina akili? Hata ng'ombe akiugua humtibu kwanza ndipo umpeleke machungani!"

Kagoma aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Mwalimu zaidi. Aliweka karatasi mezani. Kwa mamlaka yake, alisema, anaweza kumpa Bi Namkunda msamaha maalumu. Mwalimu asome kesho kama ilivyoandikwa, na akishuka tu kwenye mashine, kasha la wifi yake litafunguka.

"Na wale kumi na wanane?"

"Mamlaka yangu ni mtu mmoja kwa kituo."

Mwalimu Eliwaza aliipitia orodha ya sentensi. Ya thelathini na moja ilikuwa ileile: Hukutimiza. Kasha lako litabaki limefungwa. Safari hii walitaka aitamke kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nikijitoa? Niseme sauti yangu siwapi tena?"

"Mashine zitanyamaza mpaka tupate jirani mwingine. Mwezi, miezi miwili. Na makasha yatabaki kama yalivyo. Lililo wazi litabaki wazi, lililofungwa litabaki limefungwa."

"Na nikisoma kinyume?"

Kagoma alimtazama kwa mara ya kwanza bila tabasamu. "Usifanye hivyo, Mwalimu. Wanaofanya hivyo wananyamazishwa. Sauti yako itafutwa kila mahali. Hakuna mashine nchi hii itakayokusikia tena, simu, mlango, lifti, hata mashine ya kupandia basi. Na msamaha wa mama huyu nitaufuta kabla hujashuka. Nisingependa."

Kagoma alipoondoka, Namkunda aliomba maji. Alikunywa, halafu akauliza, "Mzee Mbonea naye macho yamefifia?"

"Jana alishindwa kutia betri kwenye saa."

"Masikini," Namkunda alisema. "Na anavyopenda kazi yake." Hakumwambia wifi yake asome, wala hakumwambia asisome, na Mwalimu Eliwaza angelipa chochote aambiwe moja kati ya hayo mawili.

*

Saa nne asubuhi ghala lilikuwa limejaa. Sheria ilitaka majirani wawepo, na walikuja mpaka wasio na sukari. Namkunda aliletwa kwa kiti cha kukokotwa, akaegeshwa karibu na mashine ya kwanza, midomo imekauka. Pembeni yake alikaa Mzee Mbonea amevaa tai.

Mwalimu Eliwaza alifunga kamba za viatu mara mbili. Alipanda, akaweka nyayo zote, akashika fimbo zilizotulia. Umri wake ulikuwa sitini na tatu, na ukweli ni kwamba mashine ambayo alikuwa akiwaelekeza watu kuipanda, yeye hakuwahi kuikanyaga zaidi ya dakika sita. Kengele ikalia. Akaanza.

Sentensi za mwanzo zilikwenda zenyewe. Karibu. Habari za asubuhi. Simama wima. Usitazame miguu. Dakika ya tano mapaja yalianza kulalamika, na dakika ya nane pumzi ikawa fupi, akawa anasoma nusu sentensi, anavuta hewa, anamalizia. Mungu wangu, aliwaza, na haya ndiyo niliyomwambia Namkunda ayaanze upya mara mbili kwa siku moja! Hasira ilimsaidia. Ilimshika mgongo ukabaki wima.

Kagoma alisimama mbele yake na kibao mkononi, akitia alama kila sentensi. Ishirini na tisa. Thelathini.

Mwalimu Eliwaza alimtazama wifi yake. Akisoma mstari unaofuata, Namkunda atachomwa sindano kabla ya saa sita. Ni maneno matano. Sekunde nne. Asiposoma, anamtia rehani mtu pekee aliyebaki naye duniani kwa kuamini kwamba sheria waliyoiandika Wakala itawafunga Wakala wenyewe, na maishani mwake hajawahi kuona jambo kama hilo. Aliogopa kwelikweli. Kisha akamwona Mzee Mbonea anampangusa Namkunda paji la uso kwa leso yake, akilitafuta kwanza kwa vidole.

"Imetosha kwa leo," Mwalimu Eliwaza alisema. "Kasha lako li wazi."

Kalamu ya Kagoma ilisimama hewani.

"Uwe umetimiza au hukutimiza, kasha lako li wazi. Dawa ni yako. Siku ya kwanza... dakika tano zinatosha. Ukichoka, pumzika. Ulipoishia ndipo utakapoanzia."

"Mwalimu!" Kagoma aliita.

Miaka sitini na mitatu mtu akimwita aliitika abee, popote alipo, na mwili wake ulikuwa tayari kuitika. Kisigino kilianza kunyanyuka. Akakirudisha.

"Mwalimu Eliwaza! Nakuomba!"

Akaendelea kukanyaga. "Nikikusalimia... ukasimama kuitikia... nitakusubiri. Hesabu yako haitarudi nyuma."

Dakika ya kumi na tatu. Kagoma alitazama huku na huku. Kumshika mama mtu mzima na kumshusha mbele ya halaiki ile hakuweza, lakini hakuwa mjinga, na alikwisha kuijua asilimia sita. Akajongea mpaka karibu na kioo, akainama kwa heshima zote, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Shikamoo, Mwalimu."

Shikamoo ilikuwa imetolewa na kijana, kwa adabu, ana kwa ana, na wote walikuwa wakingojea marahaba yake. Bi Nangena aliziba mdomo kwa kanga. Mwalimu Eliwaza alihisi shingo nzima inamvuta kumgeukia, miguu inakuwa mizito kama imetiwa saruji, na hapo ndipo alipojua vizuri kilichowapata wale kumi na tisa, kila mmoja, kila siku.

Alimtazama Kagoma usoni na hakuitikia.

"Wifi yangu," alisema badala yake, akihema, "Namkunda. Mzee Mbonea. Bi Nangena." Akawataja wote kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine, kila jina na pumzi yake, na baada ya kila jina akasema, "Kasha lako li wazi." Jina la mwisho lilitoka wakati kengele inalia.

Miguu ikasimama. Alining'inia kwenye fimbo, jasho linamdondoka puani, mpaka pumzi iliporudi. Kisha akamgeukia kijana.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Nisamehe kukuchelewesha."

Kagoma alikuwa anabonyeza kibao chake kwa vidole viwili, kwa haraka, mara aache, mara aanze. Mashine kumi na mbili ziliwaka kwa pamoja, zikarudia maneno yake kwa sauti yake. Simu ya Mzee Mbonea ikalia. Alikuwa mkewe, anapiga kelele mpaka watu wa pembeni wakamsikia: kasha limelia tak, limefunguka lenyewe, aje haraka! Muuguzi wa zahanati hakungoja lolote jingine. Alishika kiti cha Namkunda, akakikokota nje mbiombio.

*

Alasiri Wakala walimaliza na Mwalimu Eliwaza. Walimsainisha karatasi nyingi. Kagoma alimweleza kwamba makao makuu yatapeleka mawakili Jumatatu, kwamba makasha hayawezi kufungwa mpaka mahakama iseme, kwa kuwa mashine imekwisha kusema, na kwamba huenda ikachukua mwaka. Alisema hayo huku akitazama viatu vyake, na mwishoni akaongeza kwa sauti ya chini kuwa mama yake mzazi ana sukari, yuko Bukoba.

"Anatimiza?" Mwalimu Eliwaza aliuliza.

Kagoma alianza kukusanya karatasi zake.

Mwalimu Eliwaza alirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu mashine ya basi haikumsikia. Magoti hayakumuuma hata kidogo, na hilo lilimkasirisha upya: kitu kizuri kama kile, watu wakaenda kukitia kufuli. Alifika mlangoni.

"Fungua," alisema.

Mlango ulikaa kimya. Alirudia kwa sauti ya darasani, halafu kwa ile ya uwanjani. Alikuwa ameujua mlango huo miaka kumi na minne, na sasa ulimtazama kama mwombaji asiyejulikana. Alipandwa na hasira mpaka akauchapa teke. Kisha akavuta pumzi, akagonga kwa mkono kama walivyokuwa wakigonga zamani.

"Hodi!"

Ndani kulisikika mwiko ukiwekwa juu ya sufuria, kisha kandambili zikikokotwa taratibu sakafuni, zikisimama kupumzika, zikiendelea.

"Karibu, wifi! Karibu!" Namkunda aliuambia mlango ufunguke. Alikuwa ameshika ukuta, amedhoofu, lakini macho yake yalimwona. Nyuma yake uji ulikuwa unafurika jikoni, na harufu ya kuungua imeanza. "Habari za huko?"

"Uji unaungua, Namkunda."

"Acha uungue. Nimekuuliza habari za huko."

Mwalimu Eliwaza aliweka mfuko chini pale pale kizingitini, akasimama wima, akaanza kuitikia.